Katoni, waya na bua la mtama vyatosha kujenga kituo cha angani

SHULE zikifungwa tu, malalamiko huanza mitaani. Watoto wamekaa mbele ya runinga kutwa kucha, au wameinamia simu ya mama mpaka betri imekwisha, na mzazi anayerudi jioni akiwa hoi hana la kufanya ila kufoka. Wengine huwafungasha watoto na kuwapeleka mashambani kwa nyanya, wakitumaini kwamba hewa safi na maziwa ya ng'ombe vitafanya kazi ambayo wao wamekosa wakati wa kuifanya.

Leo, mpenzi msomaji, nina kazi ya kuwapa watoto hao wa likizo. Ni kazi ya siku nne au tano, haihitaji umeme, na gharama yake haifikii bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Watajenga kituo cha angani.

Usicheke. Nazungumzia kile Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, maarufu kama ISS, ambacho hakijakosa watu ndani yake hata siku moja tangu Novemba 2, 2000. Kinapita karibu kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, kwa kasi ya kilomita 27,600 kwa saa, na kuizunguka dunia nzima kwa dakika 90 hivi. Wanaosafiri kwenda Meru wataielewa hesabu hiyo upesi. Matatu ikitoka Embu saa mbili asubuhi, ikapitia Runyenjes, Chuka, njia panda ya Chogoria na Nkubu, huku ikisimama kila penye abiria, haitafika Makutano mjini Meru kabla ya kituo hicho kuzunguka dunia mara moja na kuanza mzunguko wa pili. Nacho kikipita juu kwa juu, kwa mstari ulionyooka, safari ya kutoka Embu hadi Meru hukichukua sekunde tisa au kumi.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hujenga mifano ya vyombo kama hivi kwa seti za kuunganisha zinazouzwa madukani. Kampuni ya Revell ya Ujerumani imewahi kutoa seti ya plastiki ya kituo hiki kwa kipimo cha 1 kwa 144, na mnamo Februari 2020 kampuni ya Lego ya Denmark ikatoa ya kwake yenye vipande 864. Bei ilikuwa dola 70 hivi, sawa na shilingi 7,000 za wakati huo, kabla ya kuhesabu usafiri na ushuru. Ni vitu vizuri, wala sivibezi. Aliyejaliwa kuwa navyo avitumie.

Lakini seti za aina hiyo nimeziona katika nyumba kadhaa za Nairobi, na ninalolikuta ni lile lile. Baba ndiye anayejenga. Mtoto ameshikishwa kijitabu cha maelezo na kuambiwa asiguse, kwa kuwa kipande kikipotea hakuna pa kukipata. Na tatizo hili halikuletwa na seti za ng'ambo. Tangu mtaala wa umilisi uingie madarasani, ni wazazi wangapi wamelalamika kwamba kazi ya mikono aliyopewa mtoto shuleni huishia mezani kwa mama saa nne za usiku? Mwalimu anatoa alama, mama anapata alama, na mtoto amelala. Ndiyo sababu naipenda kazi hii ya katoni. Kipande kikiharibika unakata kingine, na kwa hivyo hakuna anayemnyang'anya mtoto mkasi.

Kipimo ninachokipendekeza ni 1 kwa 100. Kila mita ya kituo halisi inakuwa sentimita moja mezani, hesabu ambayo mtoto yeyote mwenye rula ya shule ataifanya bila kikokotoo. Kituo halisi ni mita 109 kutoka ncha hii hadi ncha ile; chenu kitakuwa sentimita 109. Mtu mzima anakuwa na urefu wa haragwe kubwa. Dunia yenyewe, kwa kipimo hicho, ni mpira wenye kipenyo cha kilomita 127, karibu sawa na safari ya kutoka Nairobi hadi Embu, na ule umbali wa kilomita 400 kwenda juu unakuwa kilomita nne tu.

Hapo ndipo penye raha kwa mtoto aliye Embu. Mji huo uko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Ongeza mita 4,000, unapata 5,350. Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, kina mita 5,199. Kwa hivyo mtoto akitaka mfano wake ukae juu kwa kipimo kile kile alichoujengea, itabidi autundike mita 150 juu ya ncha ya Batian. Mtoe nje alfajiri, kabla mlima haujajifunika mawingu, umwonyeshe. Watoto wengi hudhani wanaanga wamekwenda mbali sana. Kumbe ukilinganisha na mpira wa kilomita 127, kilomita nne ni kama ganda tu.

Vifaa sasa. Tafuteni karatasi tatu za manila nyeupe, katoni moja ya dukani, karatasi ya kaki ile ya kufunikia vitabu, waya mwembamba, gundi, mkasi, penseli na uzi. Wembe ushikwe na mtu mzima. Gundi ikikosekana, uji mzito wa unga wa ngano unashika manila vizuri, ingawa unachelewa kukauka na panya wanaupenda. Halafu itafutwe bua moja la mtama lililokauka na kunyooka, lenye urefu wa karibu mita moja. Upande wa Mbeere halikosekani. Wa mjini wanaweza kutumia mwanzi au kijiti chochote chepesi, lakini nawaambia bua halina mpinzani, kwa kuwa ni jepesi na ukilidunga kwa waya halipasuki.

Jambo moja nalisisitiza, na hapa hata mwenye seti ya plastiki anisikilize. Jengeni kwa mfuatano ule ule waliofuata wenyewe. Vijitabu vya maelezo hupanga kazi kwa urahisi wa vipande, lakini kituo hiki kina historia yake, na historia hiyo ndiyo utamu wa kazi. Hakikurushwa kikiwa kizima. Chenyewe ni seti ya kuunganisha. Safari zaidi ya 40 zilibeba vipande vyake, na vingi vilikutana kwa mara ya kwanza huko huko juu, kwa kuwa kimoja kiliundwa Urusi, kingine Marekani, kingine Ulaya, kingine Japani, na mkono wa kubebea mizigo ukatoka Kanada.

Cha kwanza ni Zarya, kilichorushwa kwa roketi ya Proton kutoka Baikonur, Kazakhstan, Novemba 20, 1998. Urefu wake ni mita 12.6 na kipenyo mita 4.1. Hapa ndipo mtoto atakapogundua kwamba mwalimu wa hesabu hakuwa akipoteza wakati wake. Akate manila ya upana gani ili akiikunja apate bomba lenye kipenyo cha sentimita 4.1? Azidishe kwa 22 agawanye kwa saba, atapata 12.9, aongeze milimita sita za kupaka gundi. Muache ahangaike mwenyewe. Akipata bomba jembamba mno, atajua alipokosea bila kuambiwa.

Desemba hiyo hiyo chombo cha Marekani, Endeavour, kikaleta Unity, chumba kifupi cha mita 5.5 ambacho kazi yake ni kuunganisha vingine. Baada ya hapo kazi ilikwama. Warusi walikuwa na uhaba wa fedha, na chumba chao cha kuishi, Zvezda, chenye urefu wa mita 13.1, hakikuruka mpaka Julai 2000. Basi watoto wakilalamika kwamba gundi haikauki, waambie wenye kituo walingoja miezi 19. Novemba mwaka huo watu watatu, Mmarekani mmoja na Warusi wawili, wakaingia kukaa. Wekeni maharagwe matatu. Februari 2001 ikaja maabara ya Marekani, Destiny, mita 8.5, na Aprili ukaja ule mkono wa Kanada, ambao mezani ni waya wa sentimita 17 wenye kiwiko katikati.

Kisha bua. Mhimili wa kituo, ule unaobeba paneli za sola, una urefu wa mita 94, na uliunganishwa kipande baada ya kipande kuanzia 2002 hadi 2009. Kazi hiyo pia ilisimama katikati, na safari hii kwa msiba. Februari 1, 2003 chombo Columbia kilisambaratika kikirejea duniani na wanaanga wote saba wakafa. Vyombo vya aina yake havikuruka tena hadi Julai 2005. Nilipowasimulia watoto habari hizo walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza kama walikuwa na watoto. Ndiyo, baadhi yao walikuwa wazazi.

Paneli ziko nane, kila moja mita 35 kwa 12, na kaki ndiyo rangi yake hasa, kwa kuwa zile halisi zikipigwa na jua huwa na wekundu wa dhahabu. Chora mistari myeusi kwa kalamu, gundisha waya katikati, kisha uzidunge kwenye bua mbili mbili, mbili zikitazama huku na mbili kule. Rejeta za kutolea joto, zinazofanya kazi ile ile ya rejeta ya gari, ni nyeupe, na manila iliyobaki inatosha.

Kaki itapasuka. Ikipasuka, msiitupe, kwa sababu hata wenyewe iliwapasukia. Oktoba 30, 2007, paneli moja ilipokuwa ikikunjuliwa ilinaswa na waya ikachanika sehemu mbili. Paneli ilikuwa imejaa umeme, haingeweza kuzimwa, wala hakukuwa na spea. Waliokuwa ndani wakaketi na kutengeneza vishikizo vitano kwa waya, vibamba vya alumini na utepe, vyote vikiwa vitu vilivyokuwamo humo ndani, mfano wa vile vifungo vya mikono ya shati wanavyovaa mabwana harusi. Novemba 3 daktari na mwanaanga Scott Parazynski akapelekwa kwenye ncha ya mkono mrefu wa chuma, vyuma alivyobeba vikiwa vimezungushiwa utepe ili umeme usimrushe, akazishona zile pande mbili. Alikaa nje zaidi ya saa saba. Fundi yeyote wa jua kali mjini Meru angeitambua kazi hiyo mara moja.

Na nani alikuwa akitoa amri siku hiyo? Kituo kilikuwa chini ya Peggy Whitson, mwanamke wa kwanza kukiongoza, na chombo Discovery kilichokuwa kimetia nanga hapo kilikuwa chini ya Pamela Melroy. Wanawake wawili. Nina sababu ya kulitaja jambo hili.

Kazi hii niliifanya likizo ya Agosti huko kwetu, upande wa Runyenjes, na watoto watatu. Wawili ni wavulana wanaokaa huko huko, mafundi wa magari ya waya, yale yenye usukani mrefu na magurudumu ya ndara kuukuu. Waya mikononi mwao ni kama unga mikononi mwa mpishi. Wa tatu ni mpwa wangu, msichana wa Gredi 8 kutoka Nairobi, ambaye gari la waya hajawahi kulitengeneza lakini kipenyo na mzingo anavijua vizuri. Nilidhani hapo tumepata timu.

Kumbe kila alipoanza kukata, sauti ilitoka jikoni. Alete maji. Aangalie maziwa yasimwagike. Aje achambue maharagwe. Wavulana hawakuitwa hata mara moja, na hakuna aliyeona ajabu, wao wenyewe wakiwemo. Mimi nililelewa katika boma hilo hilo na ule wito naujua. Magari ya waya yalikuwa ya kaka zangu. Sisi tulikuwa tukiyaona yakipita.

Kufikia siku ya pili kazi ya mabomba ilikuwa imeharibika. Wavulana walikuwa wakikunja manila kwa kukadiria kwa macho, na Kibo, chumba cha Wajapani, kikatoka kinene kama mkebe wa Kimbo. Ikabidi msichana aitwe kutoka jikoni, naye akaja na ungo wake wa maharagwe, akauweka kando na kuanza kupima. Mama akamfuata akiwa na mwiko mkononi.

"Huyu anajenga nini kisichopikika?" akaniuliza.

Msichana akamweleza mwenyewe. Alimweleza vizuri kuliko ninavyokueleza wewe, msomaji, kwa kuwa cucu yake hakubali jambo asilolielewa. Mama akasikiliza hadi mwisho.

"Na hao walio huko juu, nani huwapikia?"

"Hakuna, cucu. Chakula hupelekwa kikiwa kimefungwa. Kila mtu hujipashia chake."

"Hata wanaume?"

"Hata wanaume."

Mama akautazama ule ungo, akauchukua na kuuweka mapajani mwa mvulana mkubwa bila kusema neno, akarudi jikoni. Siku iliyofuata alimwita tena msichana aende kuteka maji, kwa hivyo sitakudanganya kwamba mambo yalibadilika. Lakini alimwacha amalize Kibo kwanza.

Nalisema hili kwa sababu mwakani msichana huyu ataingia Gredi 9, na huko ndiko mwanafunzi anakochagua mkondo wa kufuata katika shule ya sekondari ya juu, uwe wa sayansi, teknolojia na hesabu, au wa sayansi za jamii, au wa sanaa na michezo. Uamuzi huo unafanywa na mtoto wa miaka 14. Kama katika miaka yote iliyotangulia amekuwa akiitwa kila anaposhika mkasi, fomu hiyo ataijaza kwa kujua nini? Mzazi wa mjini anayedhani kwamba kwake hakuna jambo kama hilo na ajichunguze ni nani hutumwa dukani katikati ya kazi ya shule.

Turudi kwa Kibo, maana chumba hicho kina udugu nasi. Jina lake kwa Kijapani ni tumaini. Mswahili akilisikia, fikira zake zinakwenda Kilimanjaro, kwa kuwa kilele kikuu cha mlima huo nacho kinaitwa Kibo. Kilifikishwa kituoni mwaka 2008, kina urefu wa mita 11.2 na kipenyo cha mita 4.4, na kina kijimlango cha kutolea setilaiti ndogo. Kupitia kijimlango hicho, Mei 11, 2018, ilitolewa 1KUNS-PF, setilaiti ya kwanza ya Kenya, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, baada ya kushinda nafasi iliyotolewa na Japani pamoja na Umoja wa Mataifa. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10 kila upande.

Kwa kipimo chetu, sentimita 10 ni milimita moja. Tulitafuta kitu cha milimita moja nyumba nzima. Ncha ya penseli hapana, kichwa cha pini kikubwa mno. Mwishowe ikapatikana punje ya wimbi. Ombeni punje moja kabla nyanya hajapeleka gunia kwenye mashine ya kusaga, muibandike kwenye unyuzi mwembamba nje ya Kibo, na mgeni akiuliza ni nini, mtoto amjibu kwamba hiyo ni Kenya.

Si kwamba tulianzia hapo. Desemba 12, 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya Uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka majukwaa ya San Marco ya Waitaliano, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo. Karibu na Ikweta ndipo dunia inapozunguka kwa kasi kubwa zaidi, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bila malipo. Baadaye, Aprili 15, 2023, ikaruka Taifa-1 ya Shirika la Anga za Juu la Kenya, ingawa hiyo ilirushiwa Marekani.

Watoto wakishamaliza kujenga watataka kukiona chenyewe, na inawezekana. Hakihitaji darubini. Kati ya saa moja na saa mbili za usiku, au kabla ya mapambazuko, huonekana kama nyota kali inayotembea bila kupepesa, ikikatiza anga kwa dakika chache. Ndege huwa na taa zinazowaka na kuzimika. Kituo hakina, kinang'azwa na jua ambalo kwetu limekwisha kutua. Shirika la NASA lina huduma iitwayo Spot the Station inayotaja saa na upande wa kutazama kwa kila mji. Anga la Embu na Meru usiku, mbali na taa za mjini, linashinda la Nairobi kwa mbali. Mkisafiri kupita Nkubu kuelekea Meru mtavuka Ikweta. Mstari huo kituo huukata mara mbili katika kila mzunguko, ila kila mara mahali tofauti, kwa kuwa dunia nayo inazunguka chini yake.

Jitayarishe pia kwa swali hili: mbona hakianguki? Msijibu kwamba huko juu hakuna nguvu ya mvutano. Ipo, karibu asilimia 90 ya hii ya hapa chini. Ukweli ni kwamba kituo kinaanguka wakati wote. Kinakwenda mbele kwa kasi kubwa kiasi kwamba kila kinapoanguka kidogo, dunia nayo imejipinda na kukiepuka. Mvulana mdogo alirusha jiwe mara tatu kwenye shamba la kahawa kabla ya kukubali.

Lakini siku ya kushuka imepangwa. Juni 2024 NASA iliipa kampuni ya SpaceX kandarasi ya hadi dola milioni 843 kuunda chombo cha kukisukuma kituo chini baada ya 2030, ili mabaki yaangukie bahari ya Pasifiki ya kusini, mbali na watu. Wana sababu ya kuwa waangalifu. Julai 1979 mabaki ya kituo Skylab yaliangukia magharibi mwa Australia, na sisi wenyewe tulipata salamu Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzani wa kilo 500 ilipoanguka kijijini Mukuku, Makueni. Mpwa wangu alipopiga hesabu aligundua kwamba wakati huo atakuwa amemaliza shule ya sekondari. Akauliza kwamba baada ya hapo watu watakaa wapi. Nilimwambia Wachina wanacho chao, Tiangong, walichoanza kukijenga Aprili 2021, na kina vyumba vitatu vikubwa tu. Akataka vipimo vyake.

Mwisho ni usafiri. Msijaribu kuingia nao mzima ndani ya matatu. Ng'oeni paneli zote nane na kuzilaza kati ya magazeti, bua lifungwe kwenye kitambaa na kushikwa mkononi, mabomba yatiwe ndani ya katoni, na punje ya wimbi ifungwe peke yake kwenye kipande cha karatasi. Kila kipande kiandikwe jina lake kwa penseli upande wa ndani, kwa sababu mkifika Nairobi mtaanza tena na Zarya.